Safari ya Elektroni katika Matope na katika ADN

Hapa Mikelenge, upande wa kushoto wa Lualaba, hata mtoto anajua matope ya namna mbili. Yako matope ya juu, yenyi rangi ya kutu, ambayo mvua inayaosha njiani mpaka mtoni. Yako tena matope ya chini, meusi, yenyi harufu ya yai bovu, ambayo mguu unayakuta ukizama penye maji yaliyotuama. Na mkulima anajua neno la tatu: udongo mwekundu ukifunikwa na maji kwa miezi mingi unageuka kuwa wa kijivu, maji yakiondoka na hewa ikiingia, wekundu unarudi pole pole.

Mambo haya matatu yana sababu moja. Ndani ya matope mnaishi bakteria wengi kupita hesabu, nao wanakula na kupumua pasipo hewa. Namna gani kiumbe kinapumua pahali pasipo na hewa? Wataalamu wamelifuata swali hilo kwa zaidi ya miaka 130, na njiani wamekuta mambo ambayo hawakuyatazamia, mpaka wamefika kwenye uzi wa ADN, ule unaobeba urithi wa kila kiumbe, na ambao vitabu vya Kiingereza vinauita DNA.

Tunataka kueleza historia hiyo kwa mafratri, mapadri na makatekista, maana wengi wao ni walimu, na wanafunzi wanauliza. Tena historia hii inatufundisha namna ya kupokea habari za wataalamu. Mara mbili katika habari hii jambo lilisimama imara, lakini maelezo yake ya kwanza hayakusimama. Mwalimu asiyetenga jambo na maelezo yake atawapotosha wanafunzi, hata akiwa amesoma vitabu vizuri.

I. Kupumua ni nini

Mwaka 1897, kule Cambridge, Bwana J. J. Thomson alionyesha kwamba kuna chembe ndogo sana yenyi umeme, ndogo kuliko atomi yenyewe. Ndiyo elektroni. Umeme unaopita katika waya ni mwendo wa elektroni nyingi pamoja.

Basi, mtu akila wali au muhogo, mwili wake unatoa elektroni katika chakula, unazipitisha kutoka protini moja mpaka nyingine, na mwishoni unazikabidhi kwa oksijeni ya hewa. Katika safari hiyo elektroni zinashuka ngazi kwa ngazi, na nguvu zinazotoka katika kushuka huko ndizo tunazotumia kwa kutembea, kufikiri na kupasha mwili joto. Kwa hiyo oksijeni ni mpokeaji. Mpokeaji akikosekana, safari yote inasimama.

Watu wa Kindu wanaelewa jambo hili upesi. Tangu karibu mwaka 1911 gari la moshi lilileta mizigo kutoka Kongolo mpaka hapa. Kisha mashua ziliipokea na kuishusha mpaka Ubundu, na kule reli nyingine ikaipeleka Kisangani, kwa sababu ya maporomoko ya maji. Mashua zikikosekana Kindu, maghala yanajaa, na magari yanayofuata hayana pa kushusha. Si gari lililoharibika, ni mpokeaji aliyekosekana.

Katika matope meusi oksijeni haifiki. Bakteria wa pale wanahitaji mpokeaji mwingine. Wengine wanazikabidhi elektroni zao kwa salfati iliyoyeyuka katika maji, na ndipo inapotoka ile harufu ya yai bovu. Wengine wanazikabidhi kwa kutu ya chuma. Kutu ikipokea elektroni inapoteza wekundu wake na kuyeyuka. Ndiyo sababu udongo mwekundu uliofunikwa na maji unageuka kijivu. Lakini kutu ni jiwe, haiwezi kuingia ndani ya mwili wa bakteria. Inapasa elektroni itoke nje. Hapo ndipo swali la umbali linapoanza.

II. Waliotangulia

Mtu wa kwanza wa kukumbuka ni Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv. Alipokuwa Strasbourg, mwaka 1887, alionyesha kwamba kuna bakteria wanaoishi kwa kuichoma gesi ile ya yai bovu, sawa sisi tunavyouchoma wali. Tangu hapo watu walijua kwamba vitu visivyo na uhai, kama kiberiti na chuma, vinaweza kuwa chakula.

Wa pili ni Michael Potter, mwalimu wa elimu ya mimea huko Newcastle, Uingereza. Mwaka 1911, wakati reli yetu ilipokuwa mpya, alitia vipande vya platini katika chombo chenyi hamira na bakteria, akaona kwamba umeme kidogo unatoka. Volti zake hazikufika moja. Mwaka 1931 Barnett Cohen, wa Marekani, aliunganisha vyombo vingi vya namna hiyo, akapata volti 35. Watu walishangaa. Lakini mkondo wake ulikuwa miliampea 2 tu, ndiyo kusema wati 0.07. Kwa kuwasha taa ndogo ya wati 5 zingehitajiwa seti zaidi ya 70 kama ile. Tunaomba msomaji ashike hesabu hii, maana tutairudia.

Mwaka 1941 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliyekwisha kupata tuzo ya Nobel mwaka 1937, aliuliza kama protini zenyewe zinaweza kuzipitisha elektroni mbali, kama metali inavyofanya. Wengi hawakukubali, na wakati ule hapakuwa na njia ya kupima. Lakini swali lilibaki.

III. Kuvuka pasipo daraja

Jibu la kwanza lilitoka kwa bakteria. Mwaka 1966, huko Philadelphia, Don DeVault na Britton Chance waliwachukua bakteria waitwao Chromatium, wakawapiga kwa mwanga wa laser, wakapima mwendo wa elektroni ndani yao huku wakizidi kuwatia baridi. Kwa kawaida baridi inapunguza mwendo wa kila badiliko la vitu. Nao ulipungua kweli. Lakini baridi ilipopita nyuzi 150 chini ya sifuri, mwendo uliacha kupungua. Elektroni iliendelea kuvuka, ingawa haikuwa na joto la kuisukuma.

Maelezo yake ni haya: elektroni, kwa udogo wake, haifuati sheria za jiwe linalotupwa. Inaweza kuonekana ng'ambo ya kizuizi pasipo kupanda juu yake. Lakini neema hiyo ina mpaka. Umbali ukiongezeka kidogo, nafasi ya kuvuka inapungua sana. Mwaka 1999 wataalamu waliopima protini nyingi walikuta kwamba vituo vinavyopokezana elektroni viko karibu karibu, kwa kawaida visiachane kupita nanometa 1.4. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimeta.

Basi, kwa kwenda mbali elektroni inahitaji vituo vingi. Mtu wa Kasuku anaweza kuvuka Lualaba mpaka Alunguli kwa mtumbwi, kwa mara moja. Kwa kwenda Kisangani atahitaji vituo.

IV. Mabishano juu ya ADN

Mwaka 1953 Watson na Crick walitangaza umbo la ADN, wakisaidiwa sana na picha zilizotoka katika kazi ya Rosalind Franklin. ADN ni kama ngazi iliyosokotwa, na vidato vyake vimepangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja nanometa 0.34 kutoka kwa mwenzake. Mwaka 1962 Eley na Spivey, Waingereza, walisema kwamba mpango huo unafanana na mpango wa vitu vinavyopitisha umeme. Je, ADN ni waya?

Mwaka 1993 Bibi Jacqueline Barton wa California, pamoja na wenzake, alitangaza jaribio lililoleta mabishano makubwa. Walifunga kwenye ncha moja ya ADN kitu chenyi kung'aa, na kwenye ncha ya pili kitu chenyi kupokea elektroni. Mng'ao ulizimika. Elektroni ilikuwa imepita nanometa 4 katika ADN, upesi mno. Wengine walisema: haiwezekani, umbali huo unapita mpaka. Mwaka 1997 Frederick Lewis na wenzake, kwa kutumia ADN ya umbo jingine, walikuta kwamba mwendo unapungua haraka umbali ukizidi. Kila upande ulikuwa na vipimo vyake.

Mapatano yalikuja pole pole. Bernd Giese wa Basel na Gary Schuster wa Marekani walionyesha kwamba njia ziko mbili. Kwa umbali mfupi elektroni inavuka kwa mara moja. Kwa umbali mrefu inapita kituo kwa kituo, na kituo chepesi kuliko vyote ni kidato kiitwacho guanini. Tena mara nyingi kinachosafiri ni nafasi tupu. Watu wakikaa benchi moja kanisani na mmoja akaondoka, jirani yake anasogea, na jirani wa jirani anasogea, mpaka nafasi tupu inafika mwisho wa benchi. Watu wamesogea kidogo tu, lakini nafasi imesafiri mbali.

Jambo hilo si mchezo wa maabara. Mwaka 1996 kundi la Bibi Barton lilionyesha kwamba ADN ikichokozwa pahali pamoja, dhara linaweza kuonekana pahali pengine, kwenye guanini mbili zinazofuatana. Na mwaka 1999 walilipima kwa umbali wa nanometa 20. Guanini iliyoharibika inaweza kuleta kosa katika urithi, na makosa ya namna hiyo ni njia moja ya kansa. Mwili una enzimu za kutengeneza, na baadhi yake zina kifundo cha chuma na kiberiti. Bibi Barton amesema kwamba enzimu hizo zinapashana habari kwa kutuma elektroni katika ADN, kusudi zipate pahali penyi kosa. Wengine wanabisha mpaka leo. Kwa hiyo tuseme hivi: kwamba elektroni zinasafiri katika ADN ni jambo lililopimwa, kwamba mwili unazitumia kwa kutafuta makosa ni maelezo yanayongoja ushuhuda.

V. Nyuzi za matope

Turudi kwenye matope. Mwaka 1987 Derek Lovley alitoa katika matope ya mto Potomac, karibu na Washington, bakteria anayekabidhi elektroni zake kwa kutu ya chuma. Baadaye aliitwa Geobacter. Mwaka 1988 Charles Myers na Kenneth Nealson walimtangaza mwingine, wa ziwa Oneida, anayefanya vile kwa manganizi. Mwaka 2002 Daniel Bond na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa matope ya bahari wanaweza kukabidhi elektroni zao hata kwa kipande cha kaboni kilichofungwa kwenye waya. Kile Bwana Potter alichokiona mwaka 1911 kilipata maana yake.

Lakini zinafikaje nje? Mwaka 2005 Gemma Reguera, Lovley na wenzao walitangaza kwamba Geobacter ana nywele nyembamba za protini zinazopitisha umeme. Habari hiyo ilienea duniani, na vitabu vikaandikwa. Halafu mwaka 2019 makundi mawili, kwa darubini zenyi nguvu mno, walizitazama nyuzi hizo karibu kabisa. Uzi waliouona haukuwa unywele ule uliotajwa. Ulikuwa mnyororo wa protini nyingine, iitwayo OmcS, na ndani yake vifundo vya chuma vimepangwa mfululizo tangu mwanzo mpaka mwisho, vya ukoo mmoja na kile kinachofanya damu yetu kuwa nyekundu. Lovley na wenzake hawakukubali kwamba nywele zao zimeondolewa katika kazi, na mabishano yaliendelea. Msomaji aangalie vizuri: hakuna aliyesema kwamba elektroni hazitoki nje. Jambo limesimama. Maelezo ndiyo yaliyobadilika.

Umbali mkubwa kuliko wote ulionekana Denmark. Mwaka 2010 Lars Peter Nielsen na wenzake walikuwa wanapima matope ya ghuba ya Aarhus. Walipobadilisha oksijeni juu ya matope, gesi ya yai bovu ilibadilika zaidi ya sentimeta moja chini yake, upesi kuliko kitu chochote kinavyoweza kupenya. Ilikuwa kana kwamba matope yana waya. Mwaka 2012 walizikuta waya zenyewe: bakteria waliofungamana kichwa kwa mkia, maelfu katika uzi mmoja, na nyuzi za kupitisha umeme zikipita katika urefu wote. Walio chini wanakula sumu ya gesi, walio juu wanakabidhi elektroni kwa oksijeni, wote wanaishi. Ili kuhakikisha, wataalamu walipitisha waya mwembamba katika matope, kama mtu anavyokata sabuni kwa uzi. Bakteria walipokatwa, kazi ilisimama.

VI. Mambo ya kwetu

Mtu atauliza: haya yote ni ya Potomac na Aarhus, sisi yanatuhusu nini? Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni la Kivu, na mpaka mwaka 1988 Maniema yetu ilikuwa sehemu ya Kivu. Upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa Kivu, katika nchi ya Kongo, kuna ghuba ya Kabuno, iliyotengwa na ziwa kubwa kwa kizingiti cha chini ya maji. Maji yake ya chini hayana oksijeni, nayo yamejaa gesi ya kaboniki na chuma kilichoyeyuka. Mwaka 2015 Marc Llirós, Sean Crowe, Jean-Pierre Descy na wenzao walitangaza kwamba mita kama 11 chini ya maji, kwenye mwanga hafifu, wanaishi bakteria wanaotoa elektroni katika chuma, na kwa msaada wa jua wanajitengenezea chakula. Chuma kinageuka kutu na kuzama, na kule chini bakteria wengine wanairudishia elektroni. Hivi chuma kinazunguka pasipo kwisha. Yule wa mwanga ameitwa Chlorobium phaeoferrooxidans. Bahari za kale, zaidi ya miaka milioni 2,400 iliyopita, zilikuwa na chuma kingi na hazikuwa na oksijeni. Pahali panapofanana nazo leo ni pachache duniani, na pamoja ni Kabuno. Watu wanaotaka kujua dunia ilikuwaje kabla ya kuwa na hewa ya kupumua wanakuja Kongo kuuliza.

La pili ni la mpunga, uliofika Maniema katika karne ya 19 pamoja na Waungwana na lugha hii tunayoiandika. Mashamba ya mpunga yaliyofunikwa na maji yanatoa gesi ya metani, ambayo inazidisha joto la dunia. Mwaka 2020 wataalamu wa Ujerumani na Denmark waliwatia bakteria wale wa nyuzi katika vyungu vya mpunga, na metani ikapungua kwa asilimia 93. Sababu yake ni kwamba nyuzi zinaigeuza tena gesi ya yai bovu kuwa salfati, na wanaotumia salfati wanawanyang'anya chakula wale wanaotoa metani. Lakini hivyo vilikuwa vyungu, si mashamba. Tena mpunga mwingi wa Maniema unapandwa katika nchi kavu. Tusiwaahidi wakulima neno lolote kwa sasa.

La tatu ni taa. Mwaka 2008 kikundi kilichoitwa Lebone, cha vijana wa Afrika waliosoma chuo cha Harvard, kilijaribu huko Leguruki, Tanzania, betri za udongo na samadi. Ziliwasha taa ndogo. Ni kazi ya kusifiwa, lakini turudie hesabu ya Bwana Cohen: nguvu za bakteria ni chache kwa sababu chakula cha matope ni kichache na mwendo wake ni wa pole. Mtu akija mtaani na kuomba feza kwa mashini ya kuangaza Kindu nzima kwa matope ya Lualaba, katekista mwenyi kukumbuka wati 0.07 atajua la kumjibu.

VII. Kwa walimu

Tumesema mwanzoni kwamba mara mbili jambo lilisimama na maelezo hayakusimama: mara moja kwa ADN, mara moja kwa Geobacter. Wengine wakisikia hivyo wanasema, basi wataalamu wanabahatisha, leo hili kesho lile. Si hivyo. Waliokosoa walipima kwa uangalifu kuliko waliotangulia, na waliotangulia walitoa vipimo vyao wazi, kusudi wengine wavijaribu. Wengine tena, wakisikia habari mpya tamu, wanaikimbiza katika mafundisho siku ile ile, kana kwamba imekwisha kuthibitika. Walimu waliowafundisha wanafunzi mwaka 2006 kwamba nywele za Geobacter ni waya, pasipo kusema ni nani aliyepima na kwa njia gani, waliwaachia wanafunzi wao kazi ya kusahau.

Kwa hiyo, anayefundisha habari hizi aseme kwanza kilichoonekana, kisha maelezo, kisha ni nani anayebisha na kwa sababu gani. Na kwa kuwa vyombo vya Aarhus hatuna, tutumie njia ya Winogradsky, isiyo na gharama. Chukua chupa kubwa ya kioo. Tia matope meusi ya mtoni mpaka nusu, pamoja na makapi ya mpunga na ganda la yai lililosagwa, kisha maji ya mto juu yake. Ifunike pasipo kuikaza, iweke penyi mwanga, nje ya nyumba kwa sababu ya harufu, usiitikise. Baada ya majuma kadhaa wanafunzi wataona matabaka: rangi ya kutu juu, kijivu katikati, nyeusi chini, na pengine kijani au zambarau upande wa jua. Waandike wanachokiona kila juma, tarehe na rangi, kabla ya kuwaambia maelezo yoyote.